Lipa Kwanza, Maneno Baadaye?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nijibu neno lililotolewa katika Chama cha Majadiliano, ambalo halikupata jibu lake kwa sababu kengele ya chakula ililia mapema. Hoja ya siku ile ilikuwa hii: mtu aliyetozwa faini na Halmashauri kwa kuegesha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu alipe kwanza, maneno baadaye. Upande wa kukubali ulishinda kwa kura nyingi. Ndugu yetu mmoja wa Kidato cha Tatu alishangiliwa sana aliposema kwamba huko London mtu akipandisha gurudumu moja tu juu ya njia ya miguu hukatiwa hati, hulipa, na hana pa kusemea. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, nasi tulishindwa. Sina kinyongo na kura. Lakini lile neno la London si la kweli, na hoja yenyewe ina mtego ndani yake ambao wengi wa waliopiga makofi hawakuuona.

Kwanza niondoe shaka. Mtu asidhani kwamba nazitetea motokaa zipandazo juu ya njia za watu. Hapa shuleni tunaye mwenzetu asiyeona, na Jumamosi tukipewa ruhusa ya kwenda mjini mara nyingi huenda naye. Yeye huufuata ukingo wa njia kwa fimbo yake nyeupe, na ukingo ule ndio ramani yake. Fimbo ikigonga bati la gari, ramani imekatika. Hana budi kushuka barabarani, mahali ambapo bajaji, pikipiki na malori ya mchanga hupita bila kujua kwamba huyu hawaoni. Jumamosi moja tulihesabu magari saba juu ya njia ya miguu kutoka kona ya soko mpaka posta, na safari ile, ambayo kwangu ni dakika kumi, kwake ilikuwa kama kuvuka mto mara saba. Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na twaisoma katika somo la Uraia, lakini sheria haiwezi kumshika mtu mkono mbele ya pikapu iliyozima injini.

Wala si yeye peke yake. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, mgonjwa wa magongo aendaye hospitali, watoto wa darasa la kwanza, wote hushushwa barabarani na mtu mmoja aliyetaka kuegesha karibu na duka. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, lakini nadhani hawakuwa na nia ya kumwambia kipofu ampishe mwenye motokaa. Tena mawe ya njia ya miguu hayakutandikwa kwa ajili ya kubeba tani za gari. Hupasuka, maji ya mvua huingia chini, na mwaka wa pili ni shimo, na anayelipia shimo ni yule yule mlipa kodi aliyeshushwa barabarani.

Basi faini ni haki, na mimi ningeipigia kura. Ninachopinga ni yale maneno mawili, "maneno baadaye".

Nitatoa mfano ninaoujua. Mjomba wangu hununua nyanya mashambani na kuzileta mjini kwa pikapu. Mwaka huu alisimama kushusha matenga mahali ambapo mafundi wa bomba la maji walikuwa wamefukua njia ya miguu na kuiacha bila mawe wala ukingo, udongo mtupu, hata mtu huwezi kujua barabara inaishia wapi na njia ya miguu inaanzia wapi. Alipotoka dukani alikuta gurudumu limefungwa chuma na mgambo wamesimama. Akaandikiwa faini ya shilingi elfu hamsini. Mjomba hakugomba. Aliuliza maswali matatu tu: ni sheria ndogo ipi, ni kifungu gani, na hapa pameandikwa wapi kwamba ni njia ya miguu? Kijana aliyeshika kitabu cha hati akamjibu kwa upole, "Mzee, wewe lipa kwanza, maneno utayapeleka ofisini baadaye." Jua lilikuwa kali na nyanya haziwezi kungoja hukumu. Mjomba akapewa namba ya malipo, akalipa kwa simu, akatia sahihi penye alama ya msalaba, chuma kikafunguliwa, na risiti akapata. Katika jambo hilo la risiti sina la kulaumu.

Usiku ndipo alipovaa miwani na kuisoma ile karatasi. Juu ya mahali alipotia sahihi palikuwa na msitari mmoja wa herufi ndogo unaosema kwamba mwenye sahihi anakiri kosa kwa hiari yake na anaomba amalizane na Halmashauri bila kupelekwa mahakamani.

Wasomaji, hapo ndipo ulipo mtego. Sheria ndogo nyingi za halmashauri zetu zina kifungu cha kufifilisha kosa. Maana yake ni kwamba mtu akikiri kosa kwa maandishi, ofisa anaweza kupokea faini pale pale na shauri likaisha. Kifungu hiki si kibaya. Chawapunguzia watu safari za mahakamani, na mtu aliyekosa kweli hupata nafuu. Lakini ni lazima kwanza awe amekiri, na amekiri akijua. Aambiwapo "lipa kwanza, maneno baadaye", wakati karatasi anayoitia sahihi yasema kwamba hana maneno tena, mtu huyo hakukiri, amekirishwa. Akienda ofisini kesho yake ataonyeshwa sahihi yake mwenyewe. Basi "baadaye" hiyo waliyoishangilia wenzangu katika ukumbi ni mlango uliochorwa ukutani.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Uraia kama mtu angeweza kukataa kutia sahihi. Akasema ndiyo, aweza, na hapo Halmashauri ikitaka itampeleka mahakamani, nayo ndiyo italazimika kuthibitisha kosa. Kisha akafungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 akatuonyesha Ibara ya 13(6)(a), isemayo kwamba haki na wajibu wa mtu vikihitaji kuamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia ana haki ya kukata rufaa. Niliyaangalia sana yale maneno "chombo kingine". Hayakuandikwa kwa ajili ya majaji wenye majoho peke yao. Mtu akiamuliwa faini kando ya barabara, aliyeamua ni chombo pia, hata kama kimevaa kofia ya mgambo.

Sasa nije London, kwa kuwa ndiko alikotupeleka ndugu yangu wa Kidato cha Tatu. Ni kweli kwamba jiji lile lina sheria kali. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1974 kwa ajili ya London yote, kwamba ni marufuku kuweka hata gurudumu moja juu ya njia ya miguu. Tena hakuna haja ya kusimika kibao cha katazo katika kila mtaa. Vibao huwekwa pale ambapo halmashauri ya mtaa imeamua kuruhusu. Hapo mwenzangu alisema kweli. Alipokosea ni aliposema kwamba hakuna pa kusemea.

Mambo huenda hivi. Dereva akikuta hati juu ya kioo, ana siku 14 za kulipa nusu ya faini, au katika siku hizo hizo aandike barua kwa halmashauri aseme kwa nini hati ifutwe. Halmashauri ikikataa na dereva asilipe, mwenye gari huletewa taarifa rasmi, naye anazo siku 28 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Halmashauri nayo ina muda wake: isipojibu pingamizi hilo rasmi ndani ya siku 56, yahesabiwa kwamba imekubali, na faini hufa. Ikijibu kwa kukataa, mwenye gari apewa siku nyingine 28 za kukata rufaa mbele ya mwamuzi ambaye ni mwanasheria na si mtumishi wa halmashauri iliyomtoza. Rufaa hiyo haina ada. Aweza kufika mwenyewe akasema, au akaleta maandishi na picha tu.

Mwamuzi huyo haulizi kama dereva ni mtu mwema. Auliza kama kosa lilitendeka, kama mlalamikaji ndiye mwenye gari, kama gari liliibwa siku ile, kama kiasi kilichodaiwa ndicho cha sheria, na kama halmashauri yenyewe ilifuata utaratibu. Hilo la mwisho ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Nchi ile imekubali kwamba halmashauri nayo yaweza kukosa, na ikikosa, faini yaanguka.

Sitaki mtu aseme kwamba nimewasifu Wazungu kupita kiasi, maana utaratibu wao nao una hila. Ile nusu ya siku 14 ni chambo. Mtu maskini mwenye haki hujiuliza: nilipe nusu leo ninyamaze, au nipigane nikishindwa nilipe yote? Wengi hunyamaza. Ingekuwa vizuri mtu aliyeandika barua ya kweli asipoteze ile nusu mpaka amejibiwa mpaka mwisho. Hata hivyo tofauti yabaki kubwa. Wao humwuza mtu kunyamaza kwake, nasi twakichukua bure kwa msitari wa herufi ndogo.

Jambo jingine nililolisoma lahusu wachukuzi kama mjomba. Sheria ile ya London hailingani na jabali. Yaacha nafasi kwa mtu anayezima moto au kuokoa maisha, kwa aliyeruhusiwa na polisi mwenye sare, na pia kwa anayeshusha au kupakia mizigo mahali ambapo isingewezekana vizuri kwa namna nyingine, mradi gari lisiachwe peke yake bila mtu. Scotland nako walitunga sheria yao mwaka 2019, na katazo la njia za miguu likaanza kufanya kazi Desemba 2023. Faini yao iliwekwa paundi 100, au 50 kwa anayelipa mapema. Mwenye mzigo wa biashara huko aruhusiwa, kama hana njia nyingine, kwa dakika zisizozidi 20, na lazima aache upana wa mita moja na nusu wazi kwa wapitao. Mita moja na nusu! Mwenzangu wa fimbo nyeupe nilipomsomea hili alinyosha mikono yake yote miwili pande mbili, akapima hewani, akacheka, akasema, "Hapo napita, ndugu yangu, na ndoo juu."

Sasa, je, mjomba angeshinda mbele ya mwamuzi kama yule? Kwa moyo wote ningependa kusema ndiyo, lakini sina hakika. Aliingia dukani kuhesabu fedha na mwenye duka, kwa hiyo gari lilikuwa peke yake. Kwa upande mwingine njia ilikuwa imefukuliwa, haina alama, na hati haikutaja kifungu chochote. Pengine angeshinda, pengine angeshindwa. Ninalodai si kwamba mjomba alikuwa na haki. Nadai kwamba palikuwa na swali la kuamuliwa, na hakuna aliyeliamua.

Na kwa kuwa nimeanza kuwasema watu wangu mwenyewe, niseme pia kwamba wengi wanaopinga faini huzipinga kwa maneno ya ovyo. Asikilizaye madereva pale stendi atadhani kwamba hakuna kosa duniani. "Nilisimama dakika tano tu." Kipofu hana saa ya kujua kwamba gari hili ni la dakika tano na lile ni la siku nzima, atagonga yote mawili. "Wenzangu nao walisimama." Huo ni ushahidi dhidi ya wenzako, haukufuti wewe. "Niliacha nafasi." Uliacha nafasi ya nani? Ya kijana mwembamba kama mimi, au ya mama mwenye kiti cha magurudumu? "Mimi nalipa kodi ya gari." Hata yule mama hulipa kodi akinunua sukari. Na lililo baya kuliko yote ni lile la "Unanijua mimi ni nani?", ambalo kwa bahati mbaya mara nyingine hufaulu pale ambapo barua ya adabu haifaulu. Mwenye kusema hayo na alipe, tena alipe upesi.

(Hapa naomba radhi kwa walimu wetu, lakini zile pikipiki zinazolala juu ya njia ya saruji mbele ya ofisi nazo ni za dakika tano tangu mwezi wa Januari. Mwenzetu asiyeona amezijua kwa idadi na kwa joto la injini.)

Mtu anayeweza kupinga faini ni yule mwenye jambo la kuonyesha: njia haikuwa na alama, gari lilikuwa limeharibika na fundi ameitwa, alikuwa amebeba mgonjwa, namba iliyoandikwa si ya gari lake, hati haina tarehe, au sheria ndogo yenyewe haikutangazwa katika Gazeti la Serikali kama inavyotakiwa. Huyo asipige kelele barabarani. Apige picha mahali pale siku ile ile, kabla mafundi hawajarudisha mawe. Aandike saa na jina la mtaa. Atunze hati na risiti. Aisome karatasi kabla ya kutia sahihi, hata kama nyanya zinachemka. Na barua yake iwe fupi yenye swali moja au mawili, kwa maana barua ya kurasa nne humfundisha karani kulala.

Katika majadiliano tuliulizwa, itakuwaje kila mtu akipinga? Ofisi haitajaa barua, na njia zikabaki na magari? Swali hili ni zuri na lilitushinda siku ile. Jibu langu leo ni kwamba kila mtu hatapinga. Hati ikiandikwa vizuri, yenye kifungu, saa, mahali na picha, mwenye kosa akiitazama ataona hana njia, atalipa. Zinazojaza ofisi ni hati mbaya. Tena tujiulize faini yatakiwa ifanye nini. Kama yatakiwa ilete fedha tu, basi lipa kwanza yatosha. Lakini kama yatakiwa iondoe magari juu ya njia, ni lazima dereva aondoke pale akijua amekosa nini. Mjomba aliondoka akijua kwamba amenyang'anywa. Wiki iliyofuata alisimama hatua ishirini mbele, juu ya njia ile ile, akiangalia tu kama mgambo wapo. Faini ile ya elfu hamsini haikumpatia mwenzangu hata inchi moja ya njia.

Nimesikia kwamba Halmashauri huwaalika wanafunzi wa sekondari kuhudhuria baraza la madiwani kama wasikilizaji. Ingefaa Chama cha Majadiliano kiombe nafasi hiyo muhula ujao, na tukiruhusiwa kusema tuombe mambo machache yasiyogharimu fedha nyingi. Hati itaje sheria ndogo na kifungu. Msitari wa kukiri kosa uandikwe kwa herufi kubwa kama za kiasi cha faini, na kando yake paandikwe kwamba mtu aweza kukataa, na akikataa aende wapi. Atajwe ofisa wa kupokea pingamizi, asiwe yule aliyeandika hati, na iwekwe idadi ya siku ambazo zikipita bila jibu faini itarudishwa. Na kabla ya hayo yote, njia zilizofukuliwa zirudishiwe ukingo wake, ili dereva asiwe na la kusema na fimbo nyeupe iwe na la kufuata.

Mjomba aliandika barua yake, aya mbili tu, nami nilimsaidia kuinakili vizuri wakati wa likizo. Tuliipeleka kwa mkono ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nikihesabu mpaka leo ninapoandika, imefika siku ya 61.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne B